Uzoefu wangu na bastola ya milimita 9, na kwa nini sikuchagua kaliba nyingine

Nimekuwa nikimiliki bastola ya milimita 9 kwa kibali halali kwa muda wa kutosha kuitolea maoni. Kabla ya kuinunua nililenga shabaha, chini ya uangalizi wa mwalimu, kwa bastola za kaliba (yaani aina ya risasi kwa kadiri ya kipenyo chake) za .22, .380, .40 na .45, majina yanayotokana na kipimo cha inchi. Nilichokuwa nakitafuta ni kaliba ambayo mkono wangu ungeweza kuidhibiti risasi baada ya risasi, kwa sababu risasi pana inayopita pembeni haimlindi mtu.

Kaliba ya .45, iliyobuniwa na John Browning na kupokewa na jeshi la Marekani mwaka 1911 pamoja na bastola ya M1911, ina sifa kubwa, na ninaelewa kwa nini watu wanaipenda. Risasi yake ya kawaida ina uzito wa karibu gramu 15 na huenda mwendo wa takriban mita 250 kwa sekunde, ilhali ile ya milimita 9 huwa na gramu 7.5 hadi 9.5 na huenda kasi zaidi. Hata hivyo vipenyo vyao vinatofautiana kwa takriban milimita 2.5 tu, na magazini (kisanduku cha risasi) ya asili ya M1911 hubeba risasi 7, wakati bastola nyingi za milimita 9 za ukubwa wa kawaida hubeba 15 au zaidi.

Historia ya .40 ndiyo iliyonisaidia zaidi kuamua. Tarehe 11 Aprili 1986 maafisa wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, walipambana na majambazi wawili huko Miami. Maafisa wawili waliuawa, na uchunguzi ulionyesha kwamba risasi moja ya milimita 9 ilipita kwenye mkono wa jambazi, ikaingia kifuani na kusimama kabla ya kufika moyoni. Shirika hilo likatafuta risasi yenye nguvu zaidi, na mwaka 1990 ikatoka .40. Miaka ya 2010, baada ya risasi za milimita 9 kuboreshwa hadi zikafikia kipimo cha kupenya sentimita 30 hadi 45 hivi katika jelatini, dutu laini inayotumiwa majaribioni badala ya mwili, FBI ilirudi kwenye milimita 9, ikieleza pia kwamba maafisa wake walilenga vizuri na haraka zaidi kwa kaliba hiyo. Nami nilipoishika .40 niliona mtutu ukiruka juu kwa ukali, na kila mara nilichelewa kuurudisha kwenye shabaha.

Lililonishangaza ni .380, ambayo kwa maelezo ya karatasini ni dhaifu kuliko milimita 9. Bastola nyingi ndogo za kaliba hii hazina mfumo wa kufunga chemba, yaani sehemu risasi inapokaa, wakati wa kufyatua. Hutegemea uzito wa sehemu ya juu inayorudi nyuma na ukakamavu wa springi yake, na bastola yenyewe ni nyepesi, hivyo msukumo wote wa kurudi nyuma unaishia kiganjani. Niliyoijaribu iliuumiza mkono wangu kuliko bastola ya milimita 9 ya ukubwa wa kati, na springi yake ilikuwa ngumu kuvuta. Anayemnunulia mzazi au mtu mwenye vidole dhaifu bastola ndogo kwa kudhani kwamba udogo ni upole, tafadhali ampe kwanza nafasi ya kuijaribu mwenyewe.

Kuhusu .22, ni tulivu na nzuri kwa kujifunzia, lakini kiwashio chake kimepakwa ukingoni mwa ganda na hukosa kulipuka mara nyingi zaidi, jambo ambalo silikubali katika kujilinda.

Milimita 9 nayo ina masharti yake. Risasi iliyofunikwa shaba yote naitumia mazoezini tu, kwa kuwa hupenya kupita kiasi na inaweza kutoboa ukuta na kumfikia asiyehusika; ya kujilinda ni ile yenye tundu nchani, inayotanuka, ingawa sheria za baadhi ya nchi haziiruhusu, kwa hiyo uliza kwanza. Mlio wake ndani ya chumba unaharibu masikio, na nyumba yenye watoto inahitaji kasha la chuma lenye kufuli. Kabla ya kuziamini risasi za kujilinda, zipitishe za kutosha katika bastola yako mwenyewe, kwa sababu ipo bastola inayokwama kwa aina moja ya risasi na kufanya kazi bila tatizo kwa nyingine ya kaliba ileile.