Baiskeli ya lami au greveli? Nilichojifunza kwenye barabara za Moshi

Nina baiskeli mbili. Moja ni ya lami, mtumba, kilo 8 na nusu, matairi ya milimita 25. Nyingine ni greveli, yaani baiskeli iliyotengenezwa kwa lami na changarawe pia, kilo 10 na ushee, matairi ya milimita 40, breki za diski. Nakaa Moshi na safari zangu nyingi ni za kilomita 80 hadi 150 kwa siku. Anayeniuliza anunue ipi kama ana hela ya moja tu, namwambia greveli.

Wengi hudhani greveli ni ya porini. Mimi nilianza kuitamani nikiwa juu ya lami.

Moshi hadi Arusha ni kilomita kama 80, lami mwanzo mwisho, lakini ndiyo njia ya malori na mabasi. Basi likitaka kulipita lori, mwenye baiskeli anapigiwa honi na maana yake ni moja: shuka. Siku moja karibu na Boma Ng'ombe nikashuka. Ukingo wa lami pale ulikuwa umeliwa na mvua, na kutoka juu hadi kwenye changarawe palikuwa na kina cha kiganja kizima. Tairi la mbele lilidondoka, nikasikia rimu inagonga jiwe, upepo wote ukatoka. Kuitoa tyubu, matundu mawili yamekaa sambamba kama meno ya nyoka. Nikaweka ya akiba. Mbele kidogo, mwiba wa mgunga. Fundi wa kijiweni, mzee mkarimu sana, alinizibia vizuri, ila pampu yake haikuingia kwenye valvu yangu nyembamba, na ya kwangu ilikuwa imekufa. Nikamalizia safari kwenye Noah. Siku hizi sitoki bila adapta ndogo ya valvu. Ni kitu cha bei ndogo, nunua hata kama baiskeli bado hujanunua.

Kwa greveli nashuka ukingo kama ule bila kushika breki kwa woga. Najaza upepo wa psi 40 tu (psi ni kipimo cha presha ya tairi). Ile ya lami inataka 90, na kila kokoto unalisikia kwenye viganja. Hata yale matuta madogo ya rasta, nikitoka na ya lami naanza kuyahesabu.

Mwaka jana niliuzunguka Mlima Kilimanjaro kwa siku mbili: Himo, Marangu, Rombo, Tarakea, Kamwanga, Ol Molog, Sanya Juu, nikarudi nyumbani. Kupanda Marangu, gia ndogo ya meno 30 mbele na meno 34 nyuma iliniokoa magoti; ya lami ina 34 kwa 28, na mlima ule niliwahi kuupanda nayo nimesimama karibu njia nzima. Baada ya Tarakea lami ilikatika. Vumbi jepesi la volkano, halafu barabara yenye mikunjo kama bati. Mikono ilichoka, sikatai, lakini sikupata pancha hata moja. Usukani wake uko juu kidogo, kwa hiyo siku ya pili niliamka shingo ikigeuka bila maumivu.

Mwendo unapungua, hilo ujue. Arusha kwa ya lami natumia saa 2 na dakika 50, kwa greveli saa 3 na robo. Ukiendesha na kundi la wenye kasi, wote kwenye baiskeli za lami, utaachwa kwenye tambarare. Mtu wa mashindano ya lami achukue ya lami.

Na ukiamua ya lami, muulize muuzaji fremu inapokea tairi pana kiasi gani. Ikipokea 32, chukua bila wasiwasi. Yangu inaishia 25, na hilo ndilo ninalolijutia kuliko yote.

Sijaiuza lakini. Jumapili alfajiri, kabla malori hayajaanza, ndiyo natoka nayo hadi Himo.