Kliniki ya mama na mtoto ya kata yetu: nyota nne, ya tano nimeinyima kwa sababu ya mlango

Nimezaa mara mbili nikiwa na VVU, Dar es Salaam mwaka 2007 na huku Mbeya mwaka 2023. Kwa hiyo ninapokisifia kituo hiki nina cha kulinganishia.

Mara ya kwanza, mahali ambapo sitapataja, nilipewa kidonge kimoja cha nevirapini, dawa ya kuzuia VVU visimpate mtoto, nimeze uchungu ukianza, mtoto akadondoshewa dawa yake baada ya kuzaliwa, basi. Habari ya kunyonyesha niliambiwa uamuzi ni wangu: mwenye uwezo anunue maziwa ya kopo, asiye nao anyonyeshe halafu amwachishe mapema. Nilikuwa na miaka 21. Katika maneno yote yale nilisikia kopo tu.

Chumba kimoja cha kupanga, maji ya madumu, jiko la mafuta ya taa. Kopo la gramu 400 halikuwa linamaliza wiki. Mwezi wa pili nikaanza kuweka nusu kijiko palipoandikwa kijiko, nikajazia maji. Chupa inaonekana imejaa, mtoto analala, uzito umegoma. Mwezi wa tatu akaharisha mpaka macho yakaingia ndani, akalazwa kwa dripu. Mwezi wa tano tukarudi wodi ileile. Na majirani hawakuhitaji kuambiwa kitu, kopo lenyewe pale mezani lilikuwa tangazo. Hakupata VVU, na leo amenipita urefu. Kilichotaka kumuua ni yale maji.

Baadaye sana nikaja kusoma habari za Botswana, ambako serikali ilikuwa ikiwapa akina mama wenye VVU maziwa ya kopo bure. Mapema 2006, mvua kubwa ziliponyesha, kuhara kukalipuka, na watoto wengi waliolazwa walikuwa wale wasionyonya. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likabadilisha mwongozo wake: mama anaweza kunyonyesha, ili mradi yeye au mtoto yuko kwenye dawa. Mimi nilikuwa nimeshapita huko.

Sasa hiki kituo chetu. Dawa, vipimo, ushauri, hujatoa hata mia. Nilianza kuhudhuria mimba ikiwa na miezi minne, na tangu hapo namwombea kura yule sista wa makamo anayekaa chumba cha mwisho. Alinipima wingi wa virusi, vilikuwa vimefubaa mpaka havionekani. Nikashangilia nikidhani hapo nimemaliza kazi. Akanikatisha. Hatari inashuka sana, akasema, lakini kwenye maziwa hatuwezi kuahidi sifuri, kwa hiyo kidonge kila siku usiku uleule, na kipimo nitarudia kwa muda wote wa kunyonyesha. Bila dawa wala huduma yoyote, kati ya watoto 100 wa akina mama kama mimi, 15 hadi 45 huambukizwa. Huduma ikifuatwa vizuri hawafiki 5. Hesabu hiyo aliirudia kila nilipokuja, mpaka nikawa naimalizia mwenyewe.

Mtoto alizaliwa na kilo tatu na pointi kidogo. Nikapewa chupa ya nevirapini ya maji na kibomba kisicho na sindano: mililita moja na nusu, mara moja kwa siku, wiki sita. Sista hakuniambia tu, alinifanya nivute dawa mbele yake mara tatu, kwa sababu mara mbili za kwanza nilivuta na hewa. Wiki ya tatu chuchu ya kushoto ikachanika. Nilikwenda nikiwa natetemeka. Akavua glavu, akanawa, akakaa kando yangu kwenye kitanda, akanionyesha kwamba mtoto alikuwa anashika ncha tu badala ya kuingiza mdomoni na ile duara nyeusi. Ziwa la kushoto nikamue na kumwaga mpaka kidonda kifunge, la kulia liendelee. Siku nne likapona.

Lakini kilichonifanya niandike haya ni siku ya mama mkwe.

Kila kliniki sista huuliza swali lilelile, na huuliza kama anayeuliza bei ya nyanya: "Tangu jana asubuhi, zaidi ya ziwa ameingiza nini mdomoni?"

"Hakuna, sista."

"Maji?"

"Hakuna."

"Dawa ya chango?"

Nikanyamaza. Bibi yake alikuwa amempa vijiko viwili usiku, mtoto akilia. Mume wangu anajua hali yangu, mama yake hajui, na nyumbani kwao mtoto asiyepewa chango ni mtoto wa mama asiyejali. Hapa ndipo wengine wangenifokea. Sista akaandika kitu, akasema, "Mwambie bibi aje Alhamisi tumpime mjukuu."

Bibi akaja, kitenge kipya. Sista akasimama: "Shikamoo mama." Wakazungumza mvua, wakazungumza bei ya mbolea, ndipo akamwambia kwamba mtoto yeyote, wa nyumba yoyote, asionje hata maji mpaka atimize miezi sita, maana tumbo lake bado laini. Hakugusa kadi yangu. Bibi akatoka akiwa askari wa mjukuu wake, jirani aliyeleta maji ya glukosi wiki iliyofuata alifukuzwa mlangoni.

Nilipobaki peke yangu ndipo akanipa nusu ya pili. Kuchanganya ndiko kubaya kwa mtoto wangu hasa: vitu vingine hudhaniwa vinachubua utumbo na kuvifungulia njia virusi vilivyomo kwenye maziwa. Utafiti wa Durban, Afrika Kusini, uliochapishwa 1999 ulionyesha ubaya wa kuchanganya, walionyonya tu waliambukizwa kidogo kuliko waliochanganyiwa. Mwaka 2007 hakuna aliyenieleza.

Wiki ya sita wakamtoboa kisigino, matone yakajazwa kwenye vile viduara vya karatasi, ikaanikwa. Tukaanza na Septrini ya maji, ya kumkinga na magonjwa nyemelezi. Majibu yalichukua wiki tatu, na wiki hizo sitaki kuzisimulia. Hasi. Miezi tisa, hasi. Miezi sita ilipofika tulianza uji wa lishe huku ananyonya, na sikuambiwa nimwachishe.

Haya, mapungufu. Siku moja karatasi za kupimia zilikuwa zimeisha, nikarudishwa nyumbani bila hata kuombwa radhi. Mizani ipo barazani, na Juni ya Mbeya mnaijua, kumvua mtoto nguo zote kwenye upepo ule ni ukatili. Mama anayekuja na mume anapitishwa mbele ya foleni. Nia yao naielewa, ila mwenye mume dereva wa lori afanyeje?

Na mlango. Chumba cha sista kinatazamana uso kwa uso na benchi la chanjo. Wanaokwenda chanjo hugeuka kushoto, ukigeuka kulia benchi zima limeshakusoma. Niliwahi kumwona binti mdogo, mgongoni kitoto cha mwezi mmoja hivi, akafika pale katikati, akasimama, akageuka kushoto. Alipimwa uzito akaondoka. Wangeweka tu pazia, au huduma zote mbili zikawa chumba kimoja, angeingia.

Kipimo cha mwisho kilikuwa wiki sita baada ya kuacha ziwa, alipopita mwaka na nusu. Mstari mmoja, yaani hasi. Septrini ikasimamishwa siku hiyohiyo.

Mkienda, siku ni Jumanne na Alhamisi, fikeni kabla ya saa moja. Mbebeeni mtoto shuka la pili kwa ajili ya mizani, na mkae benchi la chini ya mparachichi. Ukitokea pale unaingia chumba cha mwisho kwa mlango wa nyuma, mwombeni sista awafungulie.