Huduma ya maungamo parokiani kwetu, Dodoma mjini

Kwa mnaohamia Dodoma na mnauliza wapi pa kuungama, mi naisifia parokia yetu ila jina sitaji maana nina lawama pia. Jumamosi jioni padre anakaa kweli, Kwaresima wanaongezeka na mapadre wa parokia jirani, na hana haraka, anakusikiliza mpaka umalize hata foleni iwe imefika mlangoni. Kuna wavu na pazia, jina huulizwi, na mkikutana kesho yake sokoni Majengo anakusalimia kama kawaida tu, ndo inavyotakiwa.

Wanaoogopa siri kuvuja watulie jamani. Kanuni ya 983 ya sheria za Kanisa Katoliki inamkataza padre kumsaliti muungamaji kwa neno au kwa njia yoyote ile, akiitoa moja kwa moja anatengwa na Kanisa papo hapo na wa kumwondolea adhabu ni Roma, na hii sheria sio ya juzi, Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Laterano wa 1215 ulishaiandika. Hata bibi anayejua Kigogo tu akipata mkalimani mbele ya padre mgeni, huyo mkalimani nae kafungwa na siri.

Sasa lawama, benchi la kusubiria liko karibu mno, ukuta wa plaiwudi unapitisha sauti, na sheria inasema aliyesikia kwa bahati mbaya nae hatakiwi kusema, kwa hiyo tunabebeshwa mzigo usio wetu. Wazee wa kanisa hilo benchi lisogezeni nyuma tafadhali, mtu anaumia pale ndani. Nyota nne.