Uzoefu wangu: Villa ya Poppaea, Oplontis (nyota nne kati ya tano)

Mwenye siku moja tu ya kuona jinsi matajiri wa Kirumi walivyoishi kabla ya volkano ya Vesuvius kulipuka mwaka 79 baada ya Kristo asiimalizie yote Pompeii. Pompeii ni mji: mitaa, maduka, tanuri za mikate, na nyumba zilizobanana ukuta kwa ukuta. Jumba la starehe la kando ya bahari, pamoja na bustani, bwawa na sehemu ya watumwa, utalielewa vizuri zaidi kwenye Villa ya Poppaea huko Oplontis, katikati ya mji wa leo wa Torre Annunziata, karibu na Napoli, Italia. Limo kwenye orodha ile ile ya urithi wa dunia ya UNESCO ya mwaka 1997 pamoja na Pompeii na Herculaneum, lakini watu ni wachache mno. Unaweza kusimama mbele ya ukuta mmoja kwa dakika ishirini bila kusukumwa na mtu.

Kufika ni rahisi ukijua vituo. Panda treni ya Circumvesuviana kutoka Napoli. Anzia Porta Nolana, si Garibaldi, kwa sababu treni huanzia Porta Nolana na umati wa abiria huingia kituo kinachofuata, yaani Garibaldi. Ukipandia huku mwanzo unapata kiti. Shuka Torre Annunziata–Oplonti Villa di Poppea, kisha tembea dakika chache hadi Via Sepolcri. Kuna kituo kingine kinaitwa Torre Annunziata Centrale, cha reli ya taifa. Hicho siyo, kiko mbali zaidi. Na kama unataka kuunganisha na Pompeii siku hiyo hiyo, soma kibao cha treni kabla ya kupanda, maana reli inagawanyika hapo hapo Torre Annunziata. Treni ya Sorrento ndiyo inayosimama Pompei Scavi–Villa dei Misteri, kwenye lango kuu la magofu. Ya Poggiomarino inakupeleka Pompei Santuario, upande wa pili kabisa.

Jambo la kwanza utakaloliona ni shimo. Majengo ya ghorofa yamezunguka juu, jumba liko chini, nawe unateremka kulifikia. Tofauti hiyo ya kimo ndiyo volkano yenyewe. Kwanza ilinyesha mvua ya pumisi, vile vijiwe vyepesi vyenye matundu, hadi kimo cha kama mita mbili, na mapaa yakaanguka kwa uzito. Baadaye yakaja mawimbi ya gesi ya moto na majivu, yakaangusha nguzo na kujaza vyumba. Yalipopoa na kugandamana, hewa na mwanga vikafungiwa nje, na rangi za ukutani zikatulia humo hadi uchimbaji mkubwa wa mwaka 1964 na kuendelea. Tangu zilipofunuliwa ndipo zimekuwa hatarini: unyevu unapanda kutoka ardhini, chumvi inasukuma lipu kutoka kwa ndani, na jua linafifisha rangi. Ndiyo maana sehemu kubwa imewekewa paa la kisasa, na ndiyo maana vyumba vingine ni giza. Kamera ya simu yenye uwezo mdogo itakuangusha hapa. Zima flashi, egemea nguzo ya kisasa (kamwe usiegemee ukuta wa kale), na ushike simu kwa mikono miwili.

Chumba cha 15 ndicho kinachostahili nauli yote. Ukuta wake umechorwa kwa mtindo ambao wataalamu wa michoro ya ukutani ya Kirumi wanauita Mtindo wa Pili, wa katikati ya karne ya kwanza kabla ya Kristo, maana yake picha hii ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka mia moja siku ya mlipuko. Mchoraji ameufuta ukuta usionekane. Nguzo ndefu zinarudi nyuma safu kwa safu, geti liko wazi, na ndani yake kuna meza takatifu ya miguu mitatu ya mungu Apollo, kama ile ya hekalu lake la Delphi, Ugiriki. Tausi ametua juu ya ukuta wa kuchorwa, mkia ukining'inia kana kwamba utakugusa, na karibu yake kuna kinyago cha jukwaani kinachokodoa macho. Kwanza simama katikati ya chumba, uone nguzo zinavyokaa sawa. Ukisogea pembeni mistari inaanza kupinda, na hapo ndipo unaugundua ujanja wa fundi. Vyumba vya jirani vina kapu la tini, bakuli la kioo lenye makomamanga na keki juu ya kinara. Watalii wengi hupiga picha ya keki na kuondoka. Bakuli la kioo ni kazi ngumu zaidi, maana rangi ya tunda imepakwa ili ionekane kupitia kioo.

Baada ya hapo tafuta kuta za mistari myeusi na myeupe ya kukingama, kama ngozi ya punda milia. Mistari hiyo inatawala ua wa watumwa na njia walizopita, pamoja na ujia mrefu wenye mabenchi unaoelekea kwenye bwawa. Mgeni alitakiwa aangalie bustani; mtumwa alitakiwa apite. Ukishaijua hiyo unaweza kusoma jumba zima bila mwongozaji: penye picha ya mungu au mandhari unasimama, penye mistari unapita.

Bwawa liko mashariki, mita 61 kwa 17, refu kuliko bwawa la Olimpiki. Usitegemee maji wala masanamu, kwa sababu masanamu ya marumaru yaliyopatikana yamehamishwa. Kilichobaki ni nafasi zao, pamoja na alama za miti. Mtaalamu wa bustani za kale Wilhelmina Jashemski alichunguza mashimo yaliyoachwa na mizizi iliyooza, akaweza kusema mti gani ulisimama wapi. Bustani unayoiona leo inafuata matokeo hayo.

Kuhusu jina, msidanganyike. Watu wanasema lilikuwa jumba la Poppaea Sabina, mke wa Nero, kaizari wa Roma, na ushahidi unaotajwa ni maandishi juu ya mtungi yanayomtaja mtu wa Poppaea. Huenda. Ila mtungi husafiri, na Poppaea mwenyewe alifariki mwaka 65. Kilicho wazi ni kwamba jumba lilikuwa kwenye matengenezo: nguzo zimekutwa zimelazwa, masanamu yamewekwa stoo, na hakuna mifupa ya watu. Kwenye jengo la pili la Oplontis, si mbali na hapo, watu 54 walipatikana, lakini jengo hilo si sehemu ya ziara ya kawaida.

Nyota niliyokata ni ya ukamilifu. Upande wa magharibi bado umefukiwa chini ya barabara na majengo, kwa hiyo unaona jumba lililokatwa. Bahari iliyokuwa chini ya jumba pia haionekani tena. Mlipuko uliisogeza pwani.

Kwa kulinganisha: Villa ya Mafumbo huko Pompeii ina ukuta maarufu wa rangi nyekundu, lakini iko nje ya mji wa kale, na tiketi ya bei ya chini ya Pompeii haiihusishi. Uliza kabla ya kulipa. Tangu Novemba 2024 tiketi za Pompeii zinaandikwa jina na idadi ina kikomo cha watu 20,000 kwa siku, kwa hiyo andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti, siyo lile wanalokuitia nyumbani. Jumapili ya kwanza ya mwezi kuingia ni bure, na Pompeii hiyo siku ni kero tupu. Oplontis bado inavumilika. Stabiae, eneo jingine la kale lililofukiwa, huko Castellammare, ina Villa San Marco na Villa Arianna juu ya kilima cha Varano, nzuri kwa mwenye siku ya ziada. Villa ya Mafunjo ya Herculaneum kwa kawaida haiingiliki, ila walioko California wanaweza kuona jumba lililojengwa kwa kuiga ramani yake, Getty Villa.

Siku na saa za kufunguliwa hubadilika kwa msimu, na Oplontis ina siku yake ya kufungwa, hivyo angalia pompeiisites.org usiku wa kuamkia safari. Vaa viatu visivyoteleza na beba maji. Ukitaka kuona picha zilizobanduliwa Stabiae, kama ile ya Flora, mungu wa kike wa maua, anayechuma maua, nenda Makumbusho ya Akiolojia ya Napoli, siku yoyote isipokuwa Jumanne.