SPC au lamineti? Uzoefu wangu na sakafu zote mbili katika nyumba ya Dar es Salaam

Nyumba ina ghorofa moja. Chini, sebuleni na koridoni, kumewekwa vinili ngumu ya mbao za kubana, yaani zinazofungana zenyewe kwa kufuli za kingoni, ile ambayo maboksi yake yameandikwa SPC, unene wa milimita 5. Juu, vyumba vya kulala vina lamineti ya milimita 8, daraja AC4 (AC ni kipimo cha kustahimili uchakavu). Jikoni na bafuni ni vigae, na sioni sababu ya kuvibadilisha. Hukumu yangu naitoa mapema: sakafu ya chini ya nyumba ya Pwani inayopigwa deki kila asubuhi iwekwe SPC. Lamineti ipande juu, na hata huko kwa masharti.

Tofauti yao iko ndani ya ubao. Lamineti ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa pamoja na gundi, juu yake karatasi yenye picha ya mbao, kisha ngozi ya melamini yenye chembe za oksidi ya alumini. Ngozi hiyo ni ngumu kweli. Kwa mikwaruzo ya viti na vitanda inaishinda vinili, na mguu ukiikanyaga haihisi plastiki. Udhaifu wake uko kwenye kingo. Maji yakituama kwenye maungio, nyuzi zinayanywa, ukingo unavimba na kuinuka, na hata ukikauka haurudi ulivyokuwa. SPC ni unga wa mawe ya chokaa uliochanganywa na plastiki ya PVC. Haivimbi, na mchwa hawana cha kula ndani yake. Kwa mtaa wenye mchwa hilo peke yake linatosha kuamua, kwa sababu lamineti kwao ni mbao tu, na wanaweza kuila kutokea chini bila wewe kuona chochote juu.

Dukani soma boksi, usisikilize unene peke yake. Kwenye lamineti tafuta AC3 kwa chumba cha kulala, AC4 kwa sebule yenye watoto na wageni. Tafuta pia E1, alama inayoonyesha kwamba mvuke wa formaldehaidi kutoka kwenye gundi umewekewa kikomo. Kwenye SPC namba kubwa ni ya tabaka la juu la kuzuia uchakavu: 0.3 mm inatosha nyumbani, 0.5 mm ni kwa koridoni na sebule yenye pilikapilika. Baadhi ya maboksi hupima tabaka hilo kwa kipimo cha Kimarekani, "12 mil" au "20 mil". Hizo si milimita: 12 mil ni kama 0.3 mm, na 20 mil ni kama 0.5 mm. Uliza vilevile kama unene uliotajwa umejumlisha sponji iliyobandikwa mgongoni. SPC ya milimita 5 yenye sponji ya milimita 1 ina ubao wa milimita 4 tu, na kufuli za ubao mwembamba hukatika upesi.

Siku hizi kuna lamineti zinazoandikwa kwamba zinastahimili maji kwa saa 24. Hayo ni maji yaliyomwagika juu. Unyevu unaopanda kutoka ardhini ni habari nyingine kabisa, na ndio unaoua sakafu nyingi huku kwetu.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, pima jamvi, yaani sakafu ya zege iliyomwagwa juu ya ardhi. Nyumba nyingi zimemwagiwa jamvi bila nailoni chini yake, na zege hunyonya maji ya ardhini taratibu. Bandika kipande cha nailoni cha mita moja kwa mita moja juu ya sakafu, ziba pande zote nne kwa tepu, na ukiache siku 2 au 3. Ukikibandua ukakuta matone au zege limegeuka jeusi, jamvi lina unyevu na lamineti isahau. Kipimo hiki kikifanyika wakati wa masika kinasema ukweli zaidi kuliko Agosti. Kama sakafu ya saruji ni mpya, hesabu walau siku moja ya kukauka kwa kila milimita ya unene: milimita 50 ni siku 50, na mvua huongeza. Hata chini ya SPC mimi nashauri nailoni ya 0.2 mm, vipande vipishane sentimita 20 na viungwe kwa tepu. SPC yenyewe haiharibiki kwa maji, lakini maji yakinaswa chini yake huleta ukungu na harufu ambayo hakuna sabuni itakayoiondoa.

Baada ya unyevu ni usawa, na hapa ndipo SPC inapodai kuliko lamineti. Chukua rula ya mita 2 iliyonyooka, ilaze kila upande. Bonde lolote linalozidi milimita 3 lijazwe kwa saruji laini ya kujisawazisha, na vilima visagwe kwa grinda. Ubao wa SPC ni mgumu na kufuli zake ni nyembamba. Ukikanyagwa juu ya bonde unapinda, kufuli inakatika, na baada ya muda unaona nyufa kati ya mbao. Fundi atakwambia sponji nene itaziba mabonde. Asikudanganye. Kama ubao umeshabandikwa sponji, usiongeze nyingine, kwa sababu ulaini wa ziada ndio unaovunja kufuli. Lamineti ndiyo huhitaji sponji yake ya milimita 2 au 3, si zaidi. Ukiweka juu ya vigae vya zamani, jaza kwanza mifereji mipana kati ya kigae na kigae, na uangalie mlango: lamineti na sponji yake huinua sakafu kama sentimita 1, SPC nusu ya hapo. Milango mingi itabidi ikatwe chini.

Hesabu ya mali ni rahisi. Chumba cha mita 4 kwa 5 ni mita za mraba 20; ongeza asilimia 10 ya vipande vitakavyokatwa, zinakuwa 22. Boksi likiwa na mita za mraba 2.2, nunua maboksi 10, na moja la akiba, yote yenye namba moja ya uzalishaji, maana rangi hutofautiana. SPC ni nzito, karibu kilo 10 kwa mita ya mraba, hivyo pangia usafiri. Maboksi yalale chini, ndani ya chumba chenyewe, kwa saa 48 kabla ya kazi.

Mafundi wengi hawahesabu mistari, wanaanza tu na ubao mzima ukutani. Chukua upana wa mita 4 na mbao za sentimita 18. Ukiacha nafasi ya milimita 10 kila upande unabaki na milimita 3,980. Mistari 22 mizima inakula 3,960, na wa mwisho unabaki na milimita 20, kipande ambacho hakifungi wala hakishiki. Kata mstari wa kwanza uwe milimita 100, weka mistari 21 mizima, na wa mwisho nao utatoka milimita 100. Maungio ya ncha yapishane walau sentimita 30. Nafasi ya ukutani ni lazima, kwa kuwa sakafu hizi hutanuka. Zikibanwa huinuka katikati ya chumba. Skatingi, ule ubao wa chini ya ukuta, ipigiliwe ukutani, kamwe isishikizwe kwenye sakafu. Makabati mazito ya kujengea yasikae juu ya sakafu ya kubana. Yatangulie kufungwa, sakafu ikomee mbele yake. Kwa kukata, SPC hukwaruzwa kwa kisu na kuvunjwa, lakini inamaliza nyembe haraka. Lamineti inataka msumeno wenye meno madogo.

Matunzo. Lamineti ni tambara lililokamuliwa hadi lisidondoshe tone, na msaidizi wa nyumbani aelezwe hivyo tangu siku ya kwanza, kwa sababu ndoo moja ya deki iliyomwagwa inatosha kuharibu mlangoni. SPC inavumilia deki, ila mchanga wa Pwani unaikwaruza: fagia kwanza, ndipo upige deki. Usiweke juu ya vinili kapeti lenye mgongo wa mpira, linaacha doa la njano lisilotoka. Pazia mbele ya milango mikubwa ya vioo ni muhimu pia, jua la mchana huipasha joto vinili hadi ikatanuka.

Kuhusu vinili ya roli, ile ambayo Kenya huitwa mkeka wa mbao na huuzwa kwa mita: inafaa chumba cha kupanga, kwa kuwa unaikunja na kuondoka nayo. Kitanda kizito huacha alama, na nyembamba hupasuka kwenye mikunjo. Kwa nyumba yako mwenyewe, fedha hiyo ni bora uiongeze kwenye kusawazisha jamvi.

Kama bajeti hairuhusu SPC nzuri pamoja na matayarisho yake, weka vigae chini na lamineti vyumba vya juu tu. SPC ya bei ya chini juu ya jamvi lenye mabonde sitampendekezea mtu yeyote.