Uzoefu wangu na geji ya presha ndogo kwa gari la zamani linalozimika njiani

Kama gari lako la kabureta linazimika likiwa mwendoni, kabla ya kununua kipuri chochote tafuta geji ya presha ya mafuta inayosoma 0 hadi 15 psi (kipimo cha presha), ile inayouzwa pamoja na kiungo cha T. Ya magari ya injeksheni, inayofika 100 psi, haifai: pampu nyingi za kabureta hutoa 2 hadi 6 psi tu, na mshale wake hautanyanyuka kiasi cha kusomeka.

Naipenda kwa sababu inaonyesha kosa papo hapo linapotokea. Gari linalozimika likipata joto, ukilikagua limepoa utakuta kila kitu kizima, na hapo ndipo watu huanza kubadilisha koili (inayozalisha umeme wa plagi) na pampu kwa kubahatisha.

Kata mpira kati ya pampu na kabureta, chomeka T inayolingana na kipenyo chake (mara nyingi 6 au 8 mm), kaza klipu, washa injini na ukague kama kuna uvujaji. Geji ikae nje, chini ya kioo cha mbele, na mpira wake uwe mbali na feni na ekzosi. Petroli isiingie ndani ya gari kabisa. Mpira uliokuja na seti yangu ni laini mno, nashauri uweke wa petroli halisi. Mshale utatetemeka kwenye pampu ya kimakanika; soma wastani.

Mshale ukishuka, injini ikakohoa na kuishiwa nguvu ndipo ikazima, tatizo ni mafuta. Fungua kifuniko cha tangi kwanza. Ukisikia hewa ikifyonzwa na gari likawaka tena, tundu la kupumulia limeziba. Kisha filta, kisha mipira ya kutoka tangi hadi pampu: ufa wa huko huenda usivujishe hata tone, ila unavuta hewa.

Mshale ukibaki 3 au 4 na injini ikakata ghafla kama umezima swichi, shuku moto, yaani umeme wa plagi: koili, kondensa, na hasa ule waya mwembamba wa pointi (swichi ndogo inayokata umeme wa koili) ndani ya distributa, kigawaji cha umeme kwa plagi. Hupindapinda kila mvuto wa hewa wa injini (vakyumu) unapozungusha sahani iliyobeba pointi, hadi nyuzi za shaba zinakatika huku ganda likionekana zima. Uvute taratibu kwa vidole. Ukirefuka, umekatika ndani.

Kasoro ya geji ni kwamba inapima kabla ya sindano ya boya, vali inayoruhusu petroli kuingia kwenye bakuli la kabureta. Sindano ikikwama, au chujio la mdomo wa kabureta likiziba, presha itasoma vizuri na bakuli liko tupu. Kwa hiyo gari likizima, toa kisafisha hewa, chungulia kooni mwa kabureta na usukume throtoli kwa mkono: petroli inapaswa kuruka; isiporuka, huenda bakuli liko tupu. Kabureta za SU (aina ya kabureta za Kiingereza) hazina pampu ya kurushia petroli hivyo. Kwa hizo fungua bakuli lenyewe uangalie.