Chujio la maji la nyuzi: maoni yangu kama mkaazi wa porini

Nilipohama mjini kuja kuishi porini, kitu cha kwanza kukikosa kilikuwa bomba. Mjini unafungua koki, unakunywa, yamekwisha. Huku nachota kijitoni, na huko juu wanapita wanyama. Kwa hiyo nikisema chujio hili dogo nalithamini kuliko shoka na taa ya sola, namaanisha hivyo.

Maji hupenya nyuzi zenye vitundu vya mikroni 0.1, yaani sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Bakteria na vimelea kama giardia hunaswa. Virusi ni vidogo mno, hupita, na kemikali vilevile. Kama kuna makazi ya watu upande wa juu wa mto, chemsha pia: yatokote dakika 1, au 3 ukiwa juu ya mita 2,000. Kemikali haziondoki hata kwa moto, hivyo chagua chanzo kingine.

Baada ya mvua chujio huziba haraka. Nayaacha maji yatulie ndooni usiku kucha, nayapitisha kwenye kitambaa, ndipo nachuja. Bomba la sindano lililokuja nalo husukuma maji safi kinyumenyume na kuzibua nyuzi. Kazi nzuri kabisa.

Adui wake ni barafu. Likiganda likiwa limelowa, nyuzi hupasuka na kwa macho huoni kitu. Usiku wa baridi kali nalala nalo ndani ya blanketi. Onyo hilo limeandikwa kwa herufi ndogo mwishoni mwa kijitabu, na limeniudhi sana: mtu aliye mbali na hospitali anastahili kuambiwa ukurasa wa kwanza.

Unakuja kuishi peke yako? Nunua mawili.